Neno refu la Kiingereza limekugomea? Anzia kwenye dalili

Mtoto aliyemaliza darasa la saba kwenye shule ya Kiswahili, awe wa Tukuyu, Makambako au Ismani, anaingia kidato cha kwanza na wiki hiyohiyo anakutana na "multiplication", "characteristics" na "environmental". Anasoma herufi tatu za mwanzo, zilizobaki anabahatisha. Mwalimu anamwambia aligawe neno. Ushauri ni mzuri ila umeishia njiani, kwa sababu neno hugawanywa kwa namna mbili, na kila namna ina kazi yake.

Kuna kukata kwa sauti, tunakopata silabi, na kuna kukata kwa maana, tunakopata mofimu. Kwenye Kiswahili jambo hili tunafundishwa mapema tu: "anapika" kwa silabi ni a-na-pi-ka, kwa mofimu ni a-na-pik-a. Herufi k imehamia upande wa pili. Kiingereza nacho kina tabia hiyo. "Teacher" kwa sauti ni TII-cha, lakini kwa maana ni teach na er. Kwa uzoefu wa darasani, shida nyingi za maneno marefu zinaanzia hapa: mwanafunzi anatumia mkato wa maana kusomea, au mkato wa sauti kutafutia maana. Kwa hiyo kabla ya kukata chochote, muulize anataka nini: kulitamka neno, kulielewa au kuliandika. Halafu tafuta dalili yake hapa chini.

Dalili: neno linatoka na silabi nyingi kuliko lilizonazo

"Comfortable" linasomwa ko-mu-fo-ri-ta-bo-le. "Participate" linaongezewa "te" mwishoni. Huyu mtoto hana uzembe, anasoma Kiingereza kwa kanuni za Kiswahili, na kanuni za Kiswahili ni za kuaminika mno: kila irabu iliyoandikwa inasikika, na silabi karibu zote zinaishia kwenye irabu. Akiona irabu nne anatoa silabi nne. Akiona konsonanti mbili zimebanana anachomeka irabu katikati ili zipumue.

Kwenye Kiingereza hesabu irabu zinazosikika, usihesabu zinazoonekana. Andika ubaoni maneno mawili, moja chini ya jingine: "strengths" na "area". La kwanza lina herufi 9 na silabi moja tu. La pili lina herufi 4 na silabi tatu. Waache wabishane kwanza, kisha waambie waweke kiganja chini ya kidevu na kulitamka kila neno taratibu. Kidevu hushuka kwa kila irabu inayosikika. Angalizo ni kwamba kidevu hakijui neno sahihi. Mtoto akitamka vibaya, kidevu kitahesabu lile lile kosa. Mwalimu au simu itangulie kutamka.

Pasipo na wa kutamka, kuna mambo machache ya kushikilia. Herufi e ya mwisho mara nyingi ni bubu, ndiyo maana "participate" ni silabi nne, par-ti-ci-pate. "Recipe", "apostrophe" na "catastrophe" hazifuati hilo. Neno likiishia na le yenye konsonanti mbele yake, konsonanti hiyo huungana nayo: ta-ble, mul-ti-ple, prin-ci-ple. Irabu mbili zilizofuatana kama ai, ea, ee au oa kwa kawaida ni sauti moja, main-tain, japo "create" hukatika katikati, cre-ate. Konsonanti mbili kati ya irabu hugawana, moja huku na moja kule: mag-net, con-duc-tor, frag-ment. Ila th, sh, ch na ph kwa kawaida usizitenganishe. "Mathematics" haikatwi mat-he-ma-tics, na usomaji huo nimeusikia hata kwa watu wazima wenye vyeti vyao.

Konsonanti ikiwa moja kati ya irabu mbili, ipeleke mbele kwanza kama tunavyofanya Kiswahili: pa-per, mo-tor. Ukitamka na neno halifanani na chochote unachokijua, irudishe nyuma: riv-er, lim-it, cab-in. Ndiyo, ni kujaribu. Hata Mwingereza mdogo anajaribu hivyohivyo.

Halafu kuna kikundi kidogo cha maneno yanayomeza silabi nzima. "Comfortable" husemwa KAMF-ta-bol. "Vegetable" ni VEJ-ta-bol, "interesting" ni IN-tres-ting, "Wednesday" ni WENZ-dei. Haya hayana dawa nyingine zaidi ya kuyakariri, na ni machache.

Dalili: silabi zote zipo, lakini msikilizaji bado anauliza "umesema nini?"

Hapa tatizo ni shadda, yaani mkazo wa sauti kwenye silabi moja ya neno, ambao humu umeandikwa kwa herufi kubwa. Sisi shadda yetu inakaa silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Mtu anaibeba anaipeleka kwenye Kiingereza, na "development" inakuwa di-ve-LOP-ment wakati ni di-VE-lop-ment. Mzungumzaji wa Kiingereza hutegemea shadda kuliko tunavyodhani. Ukiikosea, herufi zote zikiwa sahihi, bado anaweza asilitambue neno.

Habari njema ni kwamba kiambishi tamati, yaani kipande kinachobandikwa mwishoni mwa neno, mara nyingi kinakuonyesha shadda iko wapi. Neno likiishia na tion, sion, ic, ical, ity, ian au ial, shadda hukaa kwenye silabi iliyo kabla tu ya kiambishi hicho. Angalia familia moja inavyohama: FO-to-graf, fo-TO-gra-fi, fo-to-GRA-fik. Hizo ni "photograph", "photography" na "photographic". "Electric" ni i-LEK-trik, lakini "electricity" ni i-lek-TRI-si-ti. Wakaidi wapo, kama "Arabic", "politics" na "arithmetic", ambao shadda yao iko nyuma zaidi ya hapo.

Upande wa pili kuna viambishi vipole visivyogusa shadda: ment, ness, ful, less, ly, ing, na er. Ukiviona, vifiche kwa kidole na usome kilichobaki. "Management" isome kama "manage", MA-nij, kisha bandika ment. Ndiyo siri ya "development": anza na "develop". Na ee ya mwisho mara nyingi huichukua shadda yenyewe, em-ploi-II kwa "employee", sawa na eer kwenye "engineer".

Kuna kitu kimoja huwa kinachanganywa hapa. Kwetu nyanda za juu wapo wengi ambao L na R zinapishana mdomoni, na "library" inatoka vyovyote itakavyotoka. Hilo ni suala la ulimi, halitibiwi kwa kukata neno. Mtoto aliyekata silabi sawasawa halafu akakosea R apewe alama zake za kukata.

Dalili: anatamka vizuri, lakini akiandika anaharibu

"Grammer." "Seperate." "Definate." Sababu ni ileile shadda: irabu isiyo na shadda kwenye Kiingereza hufifia, na a, e, i, o zote zinaweza kusikika kama kigugumizi kifupi kimoja. Sikio haliwezi kukuambia ni herufi gani. Kwa hiyo kuendelea kumwambia mtoto "sikiliza vizuri" ni kumwonea.

Geukia mkato wa maana, umtafute ndugu wa neno ambaye kwake irabu ile inasikika wazi. "Grammar" ana ndugu "grammatical", na hapo a inasikika. "Definite" ana "finite" ndani yake. Ndugu hufichua hata konsonanti bubu: "muscle" na "muscular", "sign" na "signature". "Government" watu huandika bila n kwa sababu haisikiki, lakini ukikata govern na ment, n iko pale imekaa. "Separate" hana ndugu wa msaada. Huyo kariri.

Maungio ndiyo yanayowatesa zaidi kwenye mitihani: s moja au mbili? r moja au mbili? Usikisie. Andika vipande kando, kisha viunganishe bila kuongeza wala kupunguza. Dis na appear: s moja. Dis na satisfied: s mbili. Mis na spell: mbili. Un na necessary: n mbili. Ir na regular: r mbili. Kwa mbele ya neno kanuni hii haiangushi mtu mara nyingi.

Kwa nyuma ya neno mambo ni magumu kidogo, maana shina linabadilika umbo. Y hugeuka i, "happy" kuwa "happiness". E hudondoka, "communicate" kuwa "communication". Na wapo wanaobadilika tumbo zima: "explain" ni "explanation", "pronounce" ni "pronunciation", "maintain" ni "maintenance".

Dalili: anasoma bila kusita, ila hajui alichosoma

Hii ndiyo dalili ninayoihofia kuliko zote, kwa sababu haionekani. Mtoto anasoma ukurasa mzima wa Jiografia, sauti safi, mzazi sebuleni anafurahi.

Chukua kijana wa kidato cha pili aliyefuatana na baba yake kwenye duka la pembejeo pale Uyole. Viazi vimeanza kupata ukungu, mzee anataka dawa. Kijana ameshika chupa mbili. Ya kwanza anasoma vizuri kabisa: HER-bi-said. Ya pili: FAN-ji-said. "Sasa ipi ndiyo ya ukungu?" mzee anauliza. Kijana anarudia kusoma, safari hii kwa sauti kubwa zaidi.

Silabi zimefanya kazi yake na zimeishia hapo. Sasa kata kwa maana. Kipande cha mwisho, cide, kimetoka kwenye Kilatini na maana yake ni kuua. Kilicho mbele yake kinataja anayeuawa. "Insecticide" ni ya wadudu. "Fungicide" ni ya fangasi, na ukungu wa viazi hutibiwa kwa dawa za kundi hilo. "Herbicide" huua mimea: herb ni mmea, majani. Ukiipulizia ile isiyochagua kwenye shamba la viazi vilivyokwisha chipua, unaua viazi. Kipande kimoja kimeokoa msimu.

Lebo za dawa zina mengine. "Non-selective" ni non, yaani si, select, yaani chagua, na ive inayofanya neno kuwa kivumishi: dawa isiyochagua magugu wala zao. "Pre-emergence" ni pre, kabla, emerge, kutokeza, na ence inayofanya nomino: ya kupulizia kabla magugu hayajatoka ardhini. Herufi WP kwenye pakiti ni "wettable powder", wet na able, unga unaochanganyika na maji. EC ni "emulsifiable concentrate", na hapo "emulsify" imebadilisha y kuwa i kabla ya kupokea able: ukiimimina kwenye maji yanageuka meupe kama maziwa. Kwa maoni yangu lebo za dukani zinafundisha mofimu kuliko kitabu cha zoezi, maana mtoto anaona jibu likienda shambani.

Utaratibu ninaoshauri ni huu. Anza na mwisho wa neno, kwa sababu tamati inakuambia neno ni la aina gani: tion, ment, ness, ity ni nomino, able, ive, ous, al mara nyingi ni vivumishi, ize na ify ni vitenzi. Kisha vua cha mbele. Kilichobaki ndicho mzizi, nao ndio wa kukariri. Kwenye "unpredictability" toa ity, toa abil ambayo ni able iliyobadilika umbo, toa un, toa pre. Umebaki na dict, kusema. Ilivyo: hali ya kutoweza kusemwa kabla, yaani kutotabirika. Dict hiyohiyo iko kwenye "dictionary", "dictate" na "contradict". Mizizi kama port ya kubeba, spect ya kutazama, struct ya kujenga, script ya kuandika, hydro ya maji na geo ya ardhi inalipa haraka. Aliyejua hydro hasumbuki na "hydroelectricity" inapotajwa pamoja na bwawa la Mtera.

Dalili: kiambishi hakionekani, au kinaonekana na sura ya ajabu

Mwanafunzi anajua in ni kukanusha, lakini "illegal", "impossible" na "irregular" kwake ni viambishi vitatu vipya vya kukariri. Si vipya. Ni in ileile imebadilika ili ikae vizuri na herufi inayofuata: il mbele ya l, ir mbele ya r, im mbele ya p, b na m. Muulize kwa nini tunasema nyumba mbaya na nyumba ndefu. Kiambishi ni n, lakini mbele ya b kinakuwa m, na mbele ya refu r yenyewe inageuka d. Mdomo wa binadamu hupenda njia fupi kila mahali.

Mfano wa kukaa nao ni wa misitu, kwa kuwa karibu kila mtihani wa Jiografia unawachanganya watu: "deforestation", "reforestation", "afforestation". Katikati kuna forest, mwishoni kuna ation ya nomino. Kilichobaki ni mbele tu. De ni kuondoa. Re ni kurudia. Af ndiyo inayosumbua, na ni kiambishi ad, chenye maana ya kuelekea au kufanya kuwa, kilichogeuza d kuwa f ili kifanane na jirani yake. Ndiyo maana "afforestation" ina f mbili. Mpeleke mtoto kwa mawazo Mufindi, kwenye shamba la miti la Sao Hill. Mahali palipokuwa majani matupu, pakapandwa mipaina na milingoti kwa mara ya kwanza: "afforestation". Miti ikavunwa, pakapandwa tena: "reforestation". Ikakatwa pakaachwa hivyo: "deforestation".

Tazama pia mikato miwili inavyoachana hapa. Kwa maana ni de-forest-ation. Kwa sauti st ya "forest" inavutwa kwenda mbele, dii-fo-ri-STEI-shen, na shadda iko kabla ya tion kama tulivyosema. Mwanafunzi anayesoma akisimama kwa nguvu baada ya "forest" amechanganya mikato.

Dalili: anaona kiambishi mahali ambapo hakipo

Huyu ameshapata moto wa kukata. Un kwenye "uncle", re kwenye "reach", er kwenye "corner". Jaribio lina hatua mbili. Kwanza, kilichobaki kinaishi peke yake au kwenye maneno mengine? "Cle" hakuna. Pili, maana inaungana? "Corn" ipo, ni mahindi, lakini kona haina habari na mahindi. Neno likifeli moja ya hatua hizo, liache lilivyo. Nasi hatudhani kuku ni kitenzi kwa kuwa kinaanza na ku.

Dalili: vipande vyote amevijua, jumla imetoka kinyume

Barabara ya Tunduma ina malori ya mafuta usiku na mchana. Ukikuta lori limeandikwa "inflammable", mwanafunzi hodari wa viambishi atakuambia in ni kukanusha, kwa hiyo mzigo hauwaki. Amekosea, na kosa hili linaweza kuunguza mtu. In hapa siyo ile ya kukanusha, ni ile ya "inflame", kuwasha. "Flammable" na "inflammable" zote zina maana moja: inashika moto upesi. Kisichowaka ni "non-flammable". Nayo "invaluable" ni cha thamani kubwa mno, siyo kisicho na thamani.

Kwa hiyo mkato wa maana unatoa kisio, na sentensi ndiyo inayolithibitisha. Palipo na hatari, kama lebo ya dawa, mzigo au umeme, fungua kamusi.

Dalili: mstari umeisha na neno halijaisha

Kwenye insha ya mkono, usikate. Lisogeze neno zima mstari unaofuata, hakuna atakayekunyima alama kwa nafasi iliyobaki. Ukilazimika, neno la silabi moja kama "through" halikatwi, na herufi moja haiachwi peke yake. Vitabu vya Uingereza na vya Marekani vyenyewe havikubaliani: wa kwanza huelekea kufuata maana, struct-ure, wa pili sauti, struc-ture. Usishangae kompyuta ikikata tofauti na mwalimu.

Dalili: anakata kila neno, hamalizi aya

Zuia. Asome aya nzima kwanza kwa kasi yake, apige mstari chini ya maneno yaliyomgomea tu, yasizidi matatu au manne. Hayo ndiyo ayakate pembeni ya daftari, sauti mstari wa juu na maana mstari wa chini, kisha arudi aisome aya tena bila kusimama. Neno alilokwisha kulisoma vizuri mara kadhaa lifutwe mstari.